Anga Tupu, Njia Zilizojaa



Kuna kauli mbili kuhusu anga za juu ambazo tunazisikia katika vikundi vyetu, na zote mbili husemwa kwa uhakika mkubwa. Ya kwanza hudai kwamba huko juu hakuna mwisho, kwa hiyo kila mtu atupe atakacho, hapatajaa kamwe. Ya pili hudai kwamba Dunia imekwisha kuzingirwa na takataka za vyombo vya angani, hata karibu roketi zitakosa pa kupenya. Wenye kauli hii ya pili huonyesha kwenye simu zao picha ya Dunia iliyofunikwa na vidoto vyeupe kama nyuki waliovamia mzinga. Mabishano yakichosha, hutokea mmoja akafunga mjadala kwa kauli ya tatu: hayo ni mambo ya wazungu, sisi hata barabara ya kwenda sokoni hatuna.

Maoni yetu ni kwamba kauli zote tatu zina kasoro, na kwamba ya tatu ndiyo inayotudhuru zaidi. Lakini hatuwezi kuifikia kabla ya kuzipima zile mbili za kwanza.

Tuanze na utupu. Chukueni mpira wa miguu, wenye upana wa sentimeta 22, muuite Dunia. Mwezi utakuwa kama chungwa dogo la sentimeta 6, lililowekwa umbali wa meta 6 na nusu. Jua litakuwa tufe lenye upana wa meta 24, refu kuliko makanisa yetu mengi, nalo litasimama kilometa 2 na nusu kutoka hapo. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, iitwayo Proxima Centauri, msiitafute katika kijiji cha pili wala katika nchi ya pili. Kwa kipimo hicho hicho itakuwa umbali wa kilometa karibu 690,000, yaani karibu mara mbili ya safari halisi ya kutoka hapa hadi Mwezini. Katikati hakuna kitu, isipokuwa sayari chache zinazolizunguka Jua, mawe, barafu na vumbi jembamba mno. Chombo Voyager 1, kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977, kimepita sayari za Jupita na Zohali, kimeuvuka ukanda wa mawe ya angani, kimekwenda mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, na hakuna kilichokizuia njiani.

Kwa hiyo mwenye kauli ya kwanza hakukosea kuhusu ukubwa wa anga. Amekosea anapodhani kwamba vyombo vyetu vimetawanyika katika utupu huo wote.

Turudi kwenye mpira. Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanamoishi wanaanga, kinazunguka kwenye kimo cha kilometa 400 hivi. Kwenye mpira wetu hicho ni kimo cha milimeta 7, unene wa penseli. Setilaiti zilizo nyingi zaidi leo ziko chini ya kilometa 1,200, maana yake ndani ya sentimeta 2 tu kutoka kwenye ngozi ya mpira. Zile zinazoongoza ndege na magari ziko juu zaidi, kwenye sentimeta 35 hivi. Kisha, kwenye sentimeta 62, kuna duara moja jembamba lililo juu ya ikweta barabara, katika kimo cha kilometa 35,786. Zaidi ya hapo ni vyombo vya kuhesabika.

Msongamano huo una sababu ileile inayowakusanya wachuuzi kwenye njia panda ingawa nchi yetu ni pana: mchuuzi hatafuti nafasi, anatafuta mahali. Setilaiti inayopiga picha ya mashamba na milima inataka kuwa karibu, tena inataka kupita juu ya kila mahali saa ileile ya siku ili vivuli vilingane, na sharti hilo hutimizwa vizuri kwenye vimo vya kati ya kilometa 600 na 900, kwa njia inayopita karibu na ncha za Dunia. Setilaiti ya televisheni inataka kinyume chake. Kwenye kimo cha kilometa 35,786 chombo hukamilisha mzunguko wake kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha, na kwa hiyo sisi wa chini tunakiona kimesimama. Ndiyo sababu antena ya parabola iliyofungwa ukutani mwa parokia haihitaji kugeuzwa usiku na mchana. Vimo hivyo vyema ni vichache, na mataifa yote yanavitaka.

Sasa tuipime kauli ya pili, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia mwenyewe. Eneo lote lililo kati ya kimo cha kilometa 200 na kilometa 2,000 kuizunguka Dunia lina ujazo wa kilometa za ujazo bilioni 1,270 hivi. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kwamba vipande vya takataka vinavyozidi upana wa sentimeta 1 ni zaidi ya milioni 1. Tuvikusanye vyote katika eneo hilo, ingawa baadhi viko juu zaidi. Kila kipande kitapata chumba chake chenye urefu, upana na kimo cha kilometa 100 hivi. Huo ni umbali wa Goma hadi Bukavu kama ndege arukavyo. Punje moja ya mahindi katika chumba cha ukubwa huo! Ile picha ya simu inadanganya kwa sababu kila kidoto ndani yake kimechorwa kikubwa kama mji. Kama kingechorwa kwa ukubwa wake wa kweli, tusingeona kitu. Anayechora picha ya kutisha watu kwa jambo la kweli analiharibia jambo hilo, kwa sababu siku msikilizaji akigundua chumvi iliyotiwa, atalikataa lote.

Hatari yenyewe inatokana na mwendo. Punje ile haikai chumbani mwake. Kitu kilicho kwenye njia ya chini ya mzunguko huenda kilometa 7 na nusu kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Goma na kufika Kinshasa kwa muda usiozidi dakika nne. Kwa siku moja kinaizunguka Dunia mara 15 hivi na kusafiri zaidi ya kilometa 600,000, kikipita katika vyumba vya wenzake bila kubisha hodi. Kingine kinatoka kaskazini kwenda kusini, kingine kinakata mshazari, na kwenye makutano hayo hakuna polisi. Tena hayo hayatendeki kwa siku moja. Yanatendeka kwa miaka na makumi ya miaka.

Na uzito mdogo usitudanganye. Gololi ya alumini yenye upana wa sentimeta 1 haifiki gramu 2. Ikikutana na setilaiti kwa mwendo wa kilometa 10 kwa sekunde, inabeba nguvu sawa na ya pikipiki yenye dereva, abiria na gunia la unga, kilo 300 kwa jumla, inayogonga ukuta kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Nguvu yote hiyo inaingia mahali penye ukubwa wa ukucha.

Tarehe 10 Februari 2009 jambo hilo lilitokea kwa vyombo vizima. Juu ya Siberia, kwenye kimo cha kilometa 790 hivi, setilaiti ya Kimarekani Iridium 33, iliyokuwa kazini ikipitisha simu, iligongana na Kosmos 2251, chombo cha Kirusi kilichokuwa kimekwisha kufa miaka mingi. Vyote viwili vilivunjika, na vipande zaidi ya 2,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini vilitawanyika katika njia za wengine.

Hiyo ilikuwa ajali. Lakini kuna uharibifu uliofanywa kwa makusudi. Tarehe 11 Januari 2007 China ilirusha kombora likaivunja setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwenye kimo cha kilometa 860 hivi, ili kuonyesha kwamba inaweza. Vipande zaidi ya 3,000 viliorodheshwa baadaye. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliivunja Kosmos 1408, na watu 7 waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa, wakiwemo Warusi wenyewe, walilazimika kujifungia katika vyombo vyao vya kurudia nyumbani. Marekani ilikuwa imefanya jaribio la namna hiyo mwaka 1985, na India ililifanya mwaka 2019 kwenye kimo cha chini zaidi. Hatuoni utetezi wowote wa vitendo hivi. Anayevunja chupa zake katikati ya barabara ya watu wote hawezi kujitetea kwa kusema kwamba chupa zilikuwa zake.

Tofauti ya vimo ina uzito mkubwa hapa. Kwenye kilometa 400 bado kuna hewa nyembamba sana, na hewa hiyo huvivuta vipande chini pole pole mpaka viteketee, kwa muda wa miezi au miaka michache. Kwenye kilometa 800 hewa ni haba mno, na kipande kinaweza kukaa miaka 100 au zaidi. Setilaiti ndogo ya Kimarekani Vanguard 1 ilirushwa tarehe 17 Machi 1958, ikanyamaza mwaka 1964, na mpaka leo inazunguka, bubu, ikiwa chombo kikongwe kuliko vyote vilivyoko huko juu. Wengi wa wazazi wenu walikuwa hawajazaliwa iliporushwa, na wajukuu wa wajukuu wenu wataikuta.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Kimarekani Donald Kessler, pamoja na mwenzake Burton Cour-Palais, aliandika kwamba mgongano mmoja huzaa vipande, vipande huzaa migongano mingine, na kwamba kwenye vimo vilivyojaa mambo yanaweza kufika mahali ambapo takataka zinaongezeka zenyewe hata kama hakuna roketi mpya inayorushwa. Si mlipuko wa siku moja, kama filamu zinavyoonyesha. Ni uchakavu wa polepole, kama ule wa korongo la mmomonyoko linalotafuna mtaa: mwaka huu nyumba moja, mwaka ujao mbili, na hakuna tarehe ambayo mtu anaweza kusema ndiyo iliyouharibu mtaa. Ninyi mnaoishi kwenye miinuko yetu mnayajua makorongo hayo kuliko sisi.

Tuje sasa kwenye kauli ya tatu, kwamba haya ni mambo ya wazungu.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka hadi kwenye vitongoji vya kaskazini mwa Goma, watu zaidi ya 30 walikufa, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo. Lava ya juu ilikuwa imekwisha kusimama, nayo ilionekana kwa macho. Lililowasumbua wataalamu ni moto usioonekana: je, magma iliyo chini ya ardhi inaelekea wapi? Jibu lilitokana na vyombo vya kupimia mitetemo vilivyoko ardhini na picha za rada zilizopigwa kutoka angani, zikiwemo za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1. Picha hizo, zikilinganishwa za kabla na za baada, zilionyesha jinsi ardhi ilivyohama na kupasuka, dalili kwamba magma ilikuwa imepenya chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru wakazi wa sehemu kubwa ya mji waondoke, na watu mamia ya maelfu wakashika njia za Sake, za Bukavu na za Rwanda. Kama ilikuwa lazima kuondoka wote, na kwa namna ile, watu wamebishana na wataendelea kubishana. Lakini hakuna anayebisha kwamba bila macho yale ya juu viongozi wangeamua gizani.

Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 23 Agosti 2016, setilaiti Sentinel-1A ilipungukiwa umeme ghafla. Kamera zilizofungwa juu yake zilipowashwa, zilionyesha jeraha la sentimeta 40 hivi kwenye bapa la sola. Wachunguzi walihitimisha kwamba kilichoipiga kilikuwa chembe ya milimeta chache tu. Setilaiti ilipona na kuendelea na kazi, kwa sababu bapa la sola ni pana na linaweza kuvumilia tundu. Chembe hiyohiyo ingeipiga tangi la mafuta au ubongo wa chombo, habari ingekuwa nyingine. Na vipande vya kazi za binadamu vilivyo kati ya milimeta 1 na sentimeta 1 vinakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Hivyo ni vidogo mno kufuatiliwa kwa rada, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonywa.

Setilaiti hiyo haikuwa yetu, hatukuilipia, wala hatukuulizwa itapita wapi. Hata hivyo, ingezimika, mzigo wa kuzimika kwake ungebebwa pia na mama wa Majengo au wa Birere ambaye hajui hata jina lake. Ongezeni hapo utabiri wa mvua, ndege ndogo zinazopeleka dawa mahali pasipo na barabara, na minara ya simu ya vijijini inayounganishwa na dunia kwa njia ya setilaiti tu. Watu maskini wa barabara ndio wanaohitaji zaidi njia ya angani. Aliye na nyaya zilizochimbiwa ardhini, mlima wenye vituo vya kupimia kila kona na rada zake mwenyewe za mvua anaweza kuvumilia setilaiti chache zikipotea. Sisi hatuna cha akiba.

Tena si kweli kwamba mambo haya hayakuwahi kutuhusu. Ikweta inakatiza nchi yetu, ikipita karibu na Mbandaka upande wa magharibi na kati ya Butembo na Lubero upande wa mashariki, na lile duara la kilometa 35,786 liko juu ya mstari huo huo. Tarehe 3 Desemba 1976 wajumbe wa nchi za ikweta walikutana Bogotá, Kolombia. Zaire ilikuwemo, na Kongo-Brazzaville, Uganda na Kenya. Walitangaza kwamba sehemu ya duara hilo iliyo juu ya nchi zao ni mali yao ya asili, kama madini na misitu. Mataifa makubwa yalikataa, na kwa sheria yalikuwa na hoja: Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha sehemu ya anga, na unasema anga zitumike kwa manufaa ya nchi zote. Lakini manung'uniko yale hayakupotea bure. Nchi maskini ziliendelea kulalamika kwamba nafasi nzuri zinakwisha kwa utaratibu wa anayewahi ndiye mwenye mali, na katika mikutano ya miaka ya 1980 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano la Geneva likakubali kumtengea kila mwanachama nafasi yake kwenye duara hilo, hata kama hana roketi wala setilaiti. Tunalikumbusha hili kwa sababu vijana wengi wanaamini kwamba mnyonge akisema hakuna kinachobadilika.

Miaka hiyohiyo, katika jimbo la Shaba, yaani Katanga, kulikuwa na habari nyingine. Serikali ya Mobutu iliikodisha kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, eneo la kilometa za mraba karibu 100,000, zaidi ya mara tatu ya ukubwa wa Ubelgiji, kwa ajili ya kurusha roketi. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977 kutoka kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua. Ya tatu ilishindwa tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwapo. Mwaka 1979, baada ya mashinikizo ya Urusi ya wakati ule na ya majirani, kampuni iliamriwa kuondoka. Zilikuwa roketi za majaribio, wala hakuna iliyofika kwenye njia ya mzunguko, kwa hiyo katika takataka zilizoko huko juu hakuna iliyotoka Luvua.

Tukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, ya Bogotá na ya Luvua, tunaona kwamba viongozi wetu wa wakati ule waliyafikiria anga kwa swali moja: tutalipwa nini? Mara wapangishe ardhi, mara wadai kodi ya mbingu. Hakuna aliyeuliza nini kitabaki huko juu baada ya wapangaji kumaliza kazi. Sisi tunaoishi karibu na machimbo tumejua swali hilo linavyoumiza linapoulizwa kwa kuchelewa.

Kuna sheria, lakini ina upungufu. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu fidia unasema kwamba chombo kikianguka na kuleta hasara ardhini, nchi iliyokirusha italipa, iwe imefanya uzembe au haikufanya. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Kirusi Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6 za usafishaji, ikalipwa milioni 3. Na majirani zetu wa Kenya hawajasahau tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa meta 2 na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kwa rehema hakuna aliyeumia. Haya ya ardhini yana mlango wa kudai. Lakini hasara ikitokea angani kwenyewe, mkataba huo unamtaka anayedai kuthibitisha kosa la mwenzake. Nani atathibitisha kosa la chembe ya milimeta tatu? Na anayeacha chombo kimekufa kwenye kimo kizuri, bila kumgonga mtu leo, hadaiwi chochote na mkataba wowote.

Yaliyopo ni miongozo ya hiari. Kwa muda mrefu miongozo hiyo ilimpa mwenye chombo cha chini miaka 25 ya kukiondoa baada ya kazi kwisha. Mwaka 2022 Marekani ilipunguza muda huo kuwa miaka 5 kwa kampuni inazozipa leseni, na mwaka 2023 ikaitoza kampuni moja faini ya dola 150,000 kwa kuacha setilaiti yake mahali pasipotakiwa. Ni pesa ndogo kwa kampuni kubwa, lakini ilikuwa faini ya kwanza ya aina hiyo. Desemba 2022 nchi 155 ziliunga mkono katika Umoja wa Mataifa azimio la kuacha majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora. Azimio hilo halimfungi mtu, na wenye makombora wanalijua hilo.

Sisi tunaona kwamba muda wa hiari umepita. Anayerusha chombo aweke dhamana ya fedha tangu siku ya kurusha, arudishiwe akikiteremsha, kama ambavyo mchimbaji wa madini anavyopaswa kuweka dhamana ya kufukia mashimo. Na hoja hiyo itolewe na nchi za ikweta, ambazo hazina chombo cha kutetea wala kombora la kuficha. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, inayokutana Vienna, ina wanachama zaidi ya 100 na huamua kwa makubaliano ya wote. Mahali pa namna hiyo nchi ndogo iliyojiandaa husikilizwa. Iliyotuma mjumbe asiyejua tofauti ya kilometa 400 na 800 haitasikilizwa, na kwa haki. Kwa hiyo hesabu ya mpira na chumba cha kilometa 100 tunawaomba mwirudie katika vikundi vyenu, pamoja na wale wadogo wanaodhani hesabu ni mateso ya shule tu.

Wala tusidhani kwamba wachafuzi ni watu wabaya wanaojulikana kwa sura. Mojawapo ya takataka kubwa kuliko zote huko juu ni Envisat, chombo cha Ulaya chenye uzito wa tani 8, kilichorushwa mwaka 2002 ili kuchunguza afya ya mazingira ya Dunia. Kilinyamaza ghafla tarehe 8 Aprili 2012 kwenye kimo cha kilometa 770 hivi, na kitazunguka hapo kwa zaidi ya karne moja kisipoondolewa. Waliokitengeneza walifikiria sana juu ya bahari, misitu na hewa, wakasahau mahali walipokisimamisha.

Waliofuata wamejifunza kidogo. Tarehe 5 Desemba 2024 ilirushwa Sentinel-1C, ndugu wa ile iliyojeruhiwa. Antena yake ya rada, ambayo hupita juu ya Virunga na Ziwa Kivu kama ndugu zake walivyopita, imeungwa na chombo kwa namna itakayoiachia ijitenge siku setilaiti itakaporudi hewani, ili viungo vyote viteketee vizuri zaidi na kisibaki kipande kikubwa cha kumwangukia mtu.